Rula na Uso wa Baba Askofu

Katibu wa kanisa letu hakuwahi kutoka nyumbani bila rula. Ilikuwa rula ndefu ya plastiki, ya kijani, aliyoichomeka kwenye mfuko wa shati pale wenzake wanapochomeka kalamu, ikapanda mpaka usawa wa sikio, ikawa kila akigeuza shingo inamkwaruza. Vijana wa kwaya walimwita Mzee Rula. Badala ya kuona haya, alidhani wamempa cheo.

Rula ile ilikuwa na kazi moja tu duniani: kuupima uso wa Baba Askofu. Kila bango, kila kipeperushi, kila kadi ya kanisa ilipita kwanza chini yake. Sheria zake hazikuandikwa popote wala hazikuwa na rufaa. Uso wa Baba Askofu uwe mkubwa kuliko uso mwingine wowote. Jina lake liwe kubwa kuliko neno lingine lolote, likiwemo neno Mungu. Mama Askofu apewe theluthi mbili ya uso wa mumewe, na wazee wa kanisa wapangwe chini kama stempu kwenye bahasha. Kikibaki kijisehemu, basi hapo ndipo waumini waambiwe wanaitiwa nini, lini na wapi.

Mabango hayo niliyachora mimi, katika duka la uchapaji ninakofanya kazi, upande wa pili wa barabara kutoka kanisani. Nina stashahada ya usanifu, na katika yote niliyofundishwa, lililobaki kichwani ni moja ambalo hata mtu asiyeingia darasani angelijua akituliza akili: jicho la binadamu halina subira. Linafika kwenye karatasi kama mgeni mwenye njaa, linakimbilia sinia kubwa kwanza. Basi jambo kubwa lipewe ukubwa. La pili lifuate kwa udogo wake, la tatu vivyo hivyo, na mengine yanyamaze. Elimu yenyewe ndiyo hiyo, inajaa kiganja kimoja. Lakini thubutu uipeleke mbele ya Kamati ya Mawasiliano ya kanisa letu.

Mimi nilithubutu, kwa sababu ya macho ya Shangazi.

Shangazi ndiye aliyetulea, mimi na dada yangu, kwa cherehani yake. Ameshona sare za kwaya tangu sijazaliwa. Sasa mtoto wa jicho alikuwa ameshaliziba jicho lake la kushoto, na la kulia lilikuwa limeingia ukungu kama dirisha la jikoni. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa ncha ya ulimi, na akikosea analaumu sindano. Dada, ambaye ni nesi, alihangaika mwaka mzima mpaka akampata daktari wa macho aliyekubali kuja siku moja kwenye ukumbi wa kanisa kupima watu bure. Lakini daktari alitoa sharti, na sharti lilikuwa la haki.

"Gari la upasuaji linakwenda palipo na watu wengi wa kupasuliwa," alimwambia Dada. "Nikikuta umati, nitalileta hapa kwenu. Nikikuta watu wawili watatu, nitawapa pole na gari litakwenda kwingine. Na likienda, halirudi upesi."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: watu wajae ukumbini Jumamosi asubuhi, Shangazi aone. Wasipojaa, Shangazi aendelee kulaumu sindano mpaka giza lifunge kabisa.

Nilichora bango ambalo hata kuku angelielewa. Juu, kwa herufi nyeusi nene zinazokula nusu ya karatasi: MACHO. Chini yake: KUPIMWA BURE. Chini yake tena, bado kwa herufi za kusomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara: Jumamosi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa kanisa. Basi. Karatasi nyeupe, wino mweusi, na nafasi tele ya jicho kupumua.

Kamati ilikutana katika chumba cha nyuma ya madhabahu, kwenye zulia jekundu linalonuka unyevu. Wajumbe walikalia viti vya plastiki. Baba Askofu alikalia kiti cha ngozi ambacho hakijavuliwa nailoni ya dukani tangu kinunuliwe, hivyo kila akijisogeza kinalia kama bata aliyekanyagwa, na wajumbe wote wanajifanya hawajasikia.

Mzee Rula aliliweka bango langu mezani, akachomoa rula, akaishika hewani. Hakuwa na cha kupima.

"Binti," akasema, "hili bango ni la nani?"

"La wenye macho mabovu, mzee."

"Sijauliza hivyo. Naona hapa MACHO. Macho ya nani? Baba yuko wapi?"

"Baba hapimi macho, mzee. Anapima daktari."

Mwenyekiti wa kwaya alikohoa. Baba Askofu alijisogeza, bata akalia.

"Mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya kipaza sauti, ingawa kipaza sauti hakikuwepo, "watu hawafuati herufi. Watu wanafuata kiongozi. Uso wangu peke yake ni mwaliko."

"Amina," wakasema wajumbe.

"Halafu Roho ananikumbusha jambo. Mwezi huu natimiza miaka ishirini ya utumishi. Kwa nini tusiunganishe? Asubuhi daktari, mchana sherehe. Bango moja, baraka mbili."

"Amina!" Safari hii walipiga na makofi. Sijawahi kuona watu wazima wakimvisha mwenzao kilemba cha ukoka kwa bidii namna ile. Kilikuwa karibu kumfunika macho.

Bango langu likachinjwa mbele yangu. Mama Askofu alitaka maua meupe yazunguke uso wa mumewe, kwa sababu maua meupe ni usafi. Mwenyekiti wa kwaya alitaka mawingu, na ngazi inayopanda kwenda mawinguni, kwa sababu Baba ametutoa kiwango kimoja hadi kingine. Mjumbe mwingine, ambaye mpaka hapo alikuwa akisinzia, aliamka akataka njiwa. Mzee Rula alitaka mandhari ya zambarau, rangi ya wafalme. Maneno makubwa yakawa: ASANTE MUNGU KWA MAISHA YAKE.

"Na ile miaka ishirini ya utumishi?" nikauliza. "Si ndiyo sherehe yenyewe?"

Baba Askofu alijipapasa nywele, zilizokuwa nyeusi kupita nywele za mtoto mchanga. "Iandike ndogo. Ukiiandika kubwa, watu wataanza kuhesabu umri."

"Na macho?"

Mzee Rula aliinamia karatasi, akapima nafasi iliyobaki chini ya miguu ya wazee wa kanisa. Ilikuwa na kimo cha punje ya mchele. "Hapa panatosha," akasema. "Weka: Pia kutakuwa na huduma ya macho asubuhi. Kwa dhahabu. Dhahabu juu ya ua jeupe inapendeza."

"Wazee, hebu nisikilizeni. Tunawaita watu wasioona vizuri. Watasomaje maandishi ya kimo cha mchele, ya dhahabu, juu ya ua jeupe?"

Baba Askofu alitabasamu, akaegemea nyuma. Bata akalia kwa uchungu.

"Kwa imani," akasema.

Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Kisha Baba akaniagiza nichore upesi, nirudi na nakala kesho yake aiwekee mikono. Ndiyo desturi ya kanisa letu: bango likishawekewa mikono na kuombewa, haliguswi tena. Wamewahi kulipigia makofi bango lililokosewa mwezi, wakaona heri kubadili tarehe ya mkutano kuliko kuigusa karatasi iliyobarikiwa.

Nikachora. Mwenye duka aliponiona natoa mvuke puani aliniambia, "Mteja akitaka maua, mpe maua. Hujaajiriwa kuokoa watu, hiyo kazi ina mwenyewe ng'ambo ya barabara." Nikapeleka nakala asubuhi, Baba akaiwekea mikono yote miwili, pete zikaacha alama kwenye wino. Jioni nikaibeba nyingine nyumbani.

Sebule yetu ni nusu sebule, nusu karakana. Kuna cherehani mahali ambapo wengine wana televisheni, na ukikaa kwenye kochi bila kuangalia unainuka na pini. Kila kazi ninayochora huwa naibandika ukutani na kumwita Shangazi aitazame, kwa sababu anaona yale makubwa tu. Madogo hayamfikii, kwa hiyo hawezi kudanganywa nayo.

"Shangazi, njoo. Unaona nini?"

Aliinuka, akajifuta mikono kwenye gauni, akasimama mbele ya bango. Alinyoosha shingo. Kisha akaweka kiganja kifuani.

"Oo, jamani. Poleni sana. Amekufa lini?"

Dada aliyekuwa anavua viatu vya kazini akabaki na kimoja mkononi. "Nani amekufa?"

"Si huyu baba wa watu? Naona uso katikati ya maua. Naona ngazi inakwenda mawinguni, na ndege mweupe anamsubiri juu. Aliugua, au ni presha?"

Tulicheka mimi na Dada mpaka tukashikana mabega. Dada ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Shangazi," akasema taratibu, "kuna mahali umeona habari ya kupimwa macho?"

"Wapi?"

"Hapo chini."

Shangazi akasogea mpaka pua ikagusa ukuta. Akapitisha vidole kwenye karatasi kama anayetafuta mshono. "Mwanangu, kama hapa kuna maandishi, basi ni siri yenu ninyi na mchapaji."

Dada alikaa kwenye kochi, kwenye pini, na hata hakuruka. "Hawatakuja," akasema. "Wale ninaowataka waje, wote wako kama Shangazi. Hawatakuja, na gari litakwenda kwingine."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mzee Rula ofisini kwake akinywa chai, rula imelala mezani kando ya kikombe.

"Mzee, lile bango linafanana na tangazo la msiba."

"Nani kasema?"

"Shangazi yangu. Amelitazama akatupa pole."

Alikoroga chai kwa utulivu. "Shangazi yako haoni vizuri, binti."

"Ndiyo, mzee! Na ndio hao tunaowaita!"

"Basi wasomewe na wanaoona. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Na asiye nayo?"

"Binti." Akaishika rula kama hakimu anavyoshika nyundo. "Baba ameshaweka mikono. Unataka nimwambie Baba aondoe mikono yake kwa sababu fundi cherehani ameona njiwa?"

Ndivyo yalivyopanda. Kwenye geti la kanisa, mlangoni mwa duka la dawa, kwenye nguzo za umeme, kwenye ukuta wa soko. Na kwenye paji la ukumbi, juu ya mlango, likaning'inizwa bango la turubai, pana kama shuka la kitanda cha watu wawili: Baba Askofu katikati ya maua yake, akitabasamu kama mtu aliyeshapumzika.

Jumamosi daktari alifika mapema. Alikuwa mama mfupi, wa maneno machache. Alifungua sanduku lake, akatundika ukutani lile bango lao la kupimia macho: herufi moja kubwa juu, mbili za kadiri chini yake, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka zile za wenye macho ya mwewe. Nilisimama nikalitazama kwa wivu. Lilikuwa bango pekee lililowahi kuingia katika jengo lile likijua linataka useme nini kwanza. Hakuna aliyekuwa amebandika uso wa daktari juu yake.

Saa tatu ikafika, ukumbi mtupu. Saa nne ikafika, ukumbi mtupu, isipokuwa Shangazi, aliyekaa kiti cha mbele kabisa na gauni lake la sikukuu, mkoba mapajani.

"Sijawahi kuwa wa kwanza kwenye foleni maishani mwangu," akasema. "Leo nimekuwa wa kwanza, nimekuwa na wa mwisho."

Daktari alimpima, akamulika jicho moja, akamulika la pili. "Mama, haya yanatibika," akasema. "Kazi fupi tu." Kisha akamtazama Dada, akafunga kurunzi. "Lakini nilikueleza, nesi. Siwezi kulileta gari kwa ajili ya mtu mmoja. Hata akiwa shangazi yenu."

Dada alikuwa anakunja ncha ya sare yake kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Hapo ndipo tukasikia kilio.

Kilianzia getini, kikapanda. Nikatoka mlangoni. Bibi mmoja alikuwa anaingia huku amejifunga kitambaa kiunoni, mikono kichwani, anayumba. Nyuma yake walikuja bibi wengine wawili wameshikana, na babu mwenye kofia aliyoivua alipofika chini ya turubai. Wengine wakafuata, wazee kwa vikongwe, wengine wameshikwa mikono, wengine wanapapasa ukuta, wote kwa ule mwendo wa watu wanaokwenda mahali pasipotakiwa haraka. Wengi wao sijawahi kuwaona kanisani. Walikuwa majirani tu, watu wazima wenye adabu zao, ambao hawapitwi na msiba.

Yule bibi wa kwanza alimwangukia Dada kifuani. "Alinibatizia wajukuu! Wote wanne!"

"Bibi, samahani, nani..."

"Alikuwa mkali, lakini kufa hakuna mkali!"

Babu mwenye kofia alinisogelea, akanong'ona kwa heshima zote, "Pole, mwanangu. Mwili umeshafika?" Halafu akageuka, akaipa mkono wa pole nguzo ya ukumbi, akaitikisa.

Nikaelewa yote pale pale. Wenye macho mazima walikuwa wamesogelea bango, wakasoma kwa taabu kwamba ni sherehe ya miaka ishirini, wakabaki nyumbani kusubiri mchana, maana asubuhi hakuna chakula. Wasioona waliona kile kikubwa tu, sawasawa na nilivyofundishwa kwamba wataona: uso, maua, ngazi, njiwa. Waliposikia viti vikishushwa kanisani asubuhi ile, wakajua ndiyo siku ya mazishi, wakajifunga viuno wakaja.

Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu, anamtazama babu akiisalimia nguzo.

"Hawa wote wameona bango moja?" akauliza.

"Ndiyo."

"Wakaona uso na maua tu?"

"Hayo tu."

"Basi wameshafeli kipimo cha kwanza," akasema. "Nesi, msiwaache waondoke."

Lakini kabla Dada hajafungua mdomo, gari la Baba Askofu liliingia getini. Alikuja mapema kukagua mapambo. Akashuka na suti nyeupe, viatu vyeupe, leso nyeupe. Akasimama juani akitabasamu lile lile tabasamu la kwenye turubai.

Mayowe yaliyopigwa pale hayajawahi kupigwa na kwaya yetu. Bibi wa wajukuu wanne alimwachia Dada akaenda chini. Mwingine akajificha nyuma ya daktari. Babu mwenye kofia aliinua fimbo, akaielekeza upande ambao hakukuwa na mtu.

Na Baba Askofu, Mungu amsamehe, alidhani wanashangilia. Akanyoosha mikono yote miwili. "Asanteni!" akasema. "Asanteni kwa upendo huu!"

"Anaongea!" akapiga kelele mtu.

Mzee Rula alimkimbilia, akamnong'oneza sikioni. Nikaliona lile tabasamu likishuka ngazi moja baada ya nyingine.

"Nani amesema nimekufa?"

"Bango lako, baba," akajibu bibi mmoja aliyebaki wima.

"Bango langu halisemi hivyo! Limeandikwa wazi, miaka ishirini ya..."

"Sisi tutajuaje limeandikwa nini? Sisi tumeona maua."

Walipohakikisha ni mzima kweli, hakuna aliyefurahi. Walikasirika. Walikuwa wametoka majumbani na magoti mabovu, wakamlilia mtu ambaye amekuja kwa gari. "Nirudishiwe machozi yangu," akasema bibi wa wajukuu akijikung'uta mavumbi. Wakaanza kugeuka kuelekea getini, mmoja mmoja, wakisonya. Dada alikuwa anapita katikati yao akipaza sauti, "Subirini, kuna daktari, kuna kupimwa macho bure!" Lakini nani amsikilize mtu wa nyumba iliyomdanganya mara moja asubuhi hiyo? "Na daktari naye amekufa?" akamjibu mmoja bila kugeuka.

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, anasikiliza fimbo zikienda mbali.

Nikapanda juu ya kiti. Nikakata kamba ya turubai upande huu, Dada akaelewa akakimbilia upande ule. Baba Askofu akaporomoka na maua yake yote. Tukamgeuza. Nyuma ya turubai kulikuwa kweupe, kukubwa, kusafi, mahali pekee ambapo Kamati haikuwahi kufikisha mkono. Pembeni mwa mlango kulikuwa na kopo la rangi nyeusi lililobaki walipopaka geti. Sikutafuta brashi safi. Nikaandika MACHO kwa herufi za kimo cha mkono wangu, chini yake BURE, na chini yake mshale mnene unaoonyesha mlango. Tukaliinua hivyo hivyo rangi ikichuruzika.

"Uso wa Baba!" Mzee Rula alikuja mbio, rula mkononi. "Uso wa Baba umegeuziwa ukutani!"

"Hebu pima, mzee," akasema Shangazi kutoka mlangoni. Hata yeye alikuwa amelitazama turubai kwa jicho lake la ukungu, na akatamka polepole, kama mtu anayeonja: "Ma-cho. Mwanangu, nimesoma. Nimesoma mwenyewe!"

Babu mwenye kofia alikuwa ameshafika getini. Alisikia kelele, akageuka, akakunja uso kuangalia. "Macho?" akauliza kwa sauti. "Nani anatoa macho?" Wa karibu yake akageuka naye. Kisha mwingine.

Baba Askofu alinisogelea, suti nyeupe ina vumbi magotini, sijui alipiga magoti wapi. Sauti ilikuwa ya chini, isiyo na kipaza sauti hata cha kufikirika. "Na jina langu?"

"Nikiliandika, Baba, wataanza kulia upya."

Aliwatazama wanaorudi. Akamtazama Mzee Rula. Akaingia ndani ya gari, akapandisha kioo.

Foleni ilifika getini, ikapinda, ikafuata ukuta wa nje. Waliopimwa walikwenda kuwaita wenzao. Kulipokuwa kunakaribia saa sita daktari aliinua kichwa, akamwambia Dada neno moja: "Litakuja." Dada akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia kilio chake peke yake, cha mtu aliye hai.

Gari likaja. Shangazi alipofunguliwa bandeji alinitazama kwa muda mrefu, nikasubiri neno la kukumbuka maisha yangu yote. "Kumbe umenenepa," akasema. Kisha akaomba aletewe sindano, na uzi mweusi, na asisaidiwe na mtu.

Mngedhani kanisa lilijifunza. Wiki ileile Mzee Rula aliingia dukani na karatasi ya maagizo. Maua marufuku. Njiwa marufuku. Uso wa Baba uwe mkubwa kuliko safari zote zilizopita, kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake kwa herufi kubwa kuliko zote: BABA YU HAI. Nilimwambia kuna kitu kimekosekana. Aliniambia nisianze. Nikachora, nikachapa nakala ya kwanza, nikamwekea mezani. Akachomoa rula. Akapima paji, akapima kidevu, akaridhika.

Shangazi alikuwa amepita kuniletea ufunguo. Alivua miwani yake nyeusi, akalitazama bango kutoka mlangoni, mbali kabisa.

"Baba yu hai," akasoma. "Haya, tumefurahi. Sasa tunaitwa wapi?"

Mzee Rula akalitazama.

"Na lini?"

Akainama, akasogeza rula kutoka juu mpaka chini, kutoka sikio hadi sikio. Kisha akaligeuza bango, akatazama nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Hapo hapo," akasema Shangazi. "Mwachie mtoto wangu upande huo. Ndiko huandika vizuri."